SOMO LA KILIMO: KUVU ZA MIZIZI, MAHINDI, NA ZAO LA MSIMU ULIOPITA

Kata ya Mchikichini imo katikati ya jiji la Dar es Salaam, upande wa Ilala, jirani na Kariakoo, na ubavu wake mmoja umeelekea bonde la Mto Msimbazi. Mgeni hatazamii kusikia habari za mashamba mahali kama hapo. Lakini katika nyumba nyingi za mitaa hiyo jembe halikosekani nyuma ya mlango. Kwa miaka mingi bonde la Msimbazi lililimwa bustani za mchicha, matembele na mahindi ya kuchoma. Wako pia wakazi wenye mashamba nje ya mji, huko Chanika, Kisarawe na Mkuranga, desturi ambayo ilitiliwa nguvu na kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona ya mwaka 1974 na 1975. Watu hawa hununua mbegu na mbolea katika maduka ya Kariakoo, au huzipata kwa mkopo kupitia chama chao, kisha husafiri nazo hadi shambani.

Katika vyama vyenye wanachama wa namna hiyo, katibu hukutana na lalamiko moja ambalo halijui msimu. Mwanachama amepanda kwa wakati na mvua imenyesha. Mahindi yameota vizuri, yamesimama wima kwa wiki mbili. Ikifika wiki ya tatu au ya nne majani huanza kuwa na rangi ya zambarau kwenye kingo, na mimea hudumaa ikawa kama imeambiwa isikue. Mwanachama hurudi ofisini na mfuko mtupu mkononi: mbolea ilikuwa feki, deni halilipi. Pengine husema kweli, maana mbolea bandia zimewahi kukamatwa, na mfuko wenye shaka ni wajibu wa chama kuupeleka ukapimwe. Lakini kabla ya kumshtaki mwenye duka, au kufuta deni, au kugombana na mwanachama mbele ya halmashauri, liko swali ambalo aghalabu halijaulizwa na mtu yeyote: je, shamba hilo msimu uliopita lilibeba nini?

Swali hili linatokana na viumbe ambavyo havionekani kwa macho. Somo hili lahusu viumbe hivyo.

Ushirika ulio chini ya ardhi

Kuvu ni jamii ya viumbe wanaojumuisha uyoga, ukungu wa mkate na magonjwa kadha wa kadha ya mimea. Kwa hiyo mkulima akisikia neno kuvu hufikiri dawa ya kunyunyiza. Lakini ziko kuvu za namna nyingine ambazo huingia ndani ya mizizi iliyo hai bila kuidhuru, zikaishi nusu ndani ya mzizi na nusu nje, udongoni. Mwaka 1885 mtaalamu wa Kijerumani, Albert Bernhard Frank, ndiye aliyeupa uhusiano wa kuvu na mizizi jina la kitaalamu, baada ya kuchunguza mizizi ya miti ya misitu. Kuvu za mahindi si zile zile za miti ya Frank, ila mapatano yao na mmea yanafanana. Yapata mimea saba katika kila kumi ya nchi kavu huishi na kuvu za aina hii ya mahindi. Mtama umo, mpunga wa mlimani umo, muhogo, viazi vitamu, vitunguu na jamii ya kunde vimo. Hata mchikichi, mti uliolipa kata ya Mchikichini jina lake, ni miongoni mwa mimea inayozitegemea sana.

Kazi yenyewe ni hii. Mahindi huhitaji fosfati tangu yangali machanga, ili mizizi itambae na mmea uimarike. Tofauti na naitrojeni, ambayo hutembea na maji, fosfati hushikamana na chembe za udongo na karibu haisogei kabisa. Mzizi ukishaila ile iliyo karibu nao, hubaki umezungukwa na ukanda mwembamba wa udongo uliokwisha kunyonywa, wenye upana wa milimita moja au mbili, na ng'ambo ya ukanda huo fosfati imekaa bila wa kuifikia. Hapo ndipo nyuzi za kuvu zinapokuwa na maana. Unene wa uzi mmoja ni elfu chache tu za milimita, kwa hiyo hupenya katika vitundu ambavyo mzizi hauwezi kuingia, huvuka ule ukanda mtupu, na huleta fosfati hadi ndani ya mzizi. Huleta na zinki pia. Katika udongo mzuri, gramu moja, yaani kibano cha vidole viwili, huweza kuwa na mita kadhaa za nyuzi hizo.

Kuvu haifanyi kazi hiyo bure. Haina majani, haiwezi kujitengenezea chakula kutokana na jua, basi mmea huilipa kwa sukari na mafuta. Malipo hayo hukadiriwa kuwa kati ya sehemu 4 na 20 katika kila 100 za chakula chote ambacho mmea umejitengenezea. Si haba. Mwanaushirika yeyote ataelewa mara moja kwamba mwanachama hulipa ada ya namna hiyo pale tu anapoona faida, na kwamba chama kisichopata ada hufa. Karibu kila jambo litakalofuata katika somo hili latokana na kanuni hiyo moja: kuvu hizi haziishi ila kwa mzizi ulio hai na ulio tayari kulipa.

Mazao yasiyojiunga

Iko mimea ambayo haijiungi kamwe au hujiunga kwa nadra, na kwa bahati mbaya ndiyo ile ile ipendwayo na wakulima wa bustani za mjini. Kabichi, chainizi, figiri na jamaa zao zote hazina ushirika na kuvu hizi. Mchicha nao, pamoja na spinachi, kwa kawaida umo katika kundi hilo. Bustani ikipandwa mchicha, ukavunwa, ukapandwa chainizi, kisha mchicha tena, mwaka mzima hapana mzizi hata mmoja unaolisha kuvu, isipokuwa ya magugu yaliyosalimika. Vijimbegu vya kuvu hukaa udongoni vikisubiri. Vingine huchipua, hukosa mwenyeji, hufa. Mahindi yakija baadaye hukuta nyumba haina watu, na yanapomaliza akiba iliyokuwa ndani ya punje, yaani katika wiki ile ya tatu, huanza kuona njaa.

Hapa pana jambo la kuangalia, maana huwachanganya hata mabwana shamba. Katika bustani ya bondeni iliyomwagiwa samadi ya kuku miaka nenda rudi, mahindi yakifuata mchicha huenda yasioneshe dalili yoyote. Sababu ni kwamba fosfati imejaa tele karibu na kila mzizi. Kuvu ni chache, lakini mmea hauoni pengo lao. Tabu hutokea mkulima anapoihamisha desturi hiyo ya bustani kwenye shamba la mchanga la Chanika au Mkuranga lisilo na samadi. Huko, mchicha wa kibiashara ukifuatwa na mahindi, pengo huonekana kwa macho. Mtu yule yule, mbegu ile ile, mfuko wa mbolea kutoka duka lile lile, na matokeo mawili tofauti. Ndipo husemwa kwamba mfuko wa pili ulikuwa feki.

Ardhi tupu, na ardhi iliyozama

Kukosa zao lolote ni kubaya zaidi ya kupanda zao lisilojiunga. Huko Queensland, Australia, wakulima walikuwa na mtindo wa kuacha mashamba matupu kwa zaidi ya mwaka mmoja, wakiyasafisha magugu yote ili kuhifadhi maji ardhini. Mazao yaliyofuata yalidumaa, na kwa muda mrefu sababu haikujulikana. Mwaka 1987 mtafiti J. P. Thompson alionesha kwamba kuvu za mizizi zilikuwa zimepungua mno kwa kukosa mzizi wa kuzilisha. Mkulima wa Pwani asije akadhani kwamba kupumzisha shamba ni kosa. Shamba lililoachwa likaota nyasi na vichaka vyake lina mizizi mingi, na kuvu hustawi humo. Lililo na hasara ni shamba lililopigwa jembe, likaachwa jekundu tangu Juni hadi mvua za vuli bila jani lolote.

Mafuriko hufanya mambo kama hayo. Kuvu hizi huhitaji hewa, na maji yakituama mizizi na nyuzi hukosa pumzi, na zao lenyewe hufa. Mwaka 1993 mito ya Mississippi na Missouri huko Marekani ilifurika kwa kiasi kisichosahaulika, na mashamba mengi yakakaa bila zao. Mwaka 1994 mahindi yaliyopandwa katika mashamba hayo yaliota yakadumaa, majani ya zambarau, ijapokuwa vipimo vya udongo vilionesha fosfati ipo. Watafiti walihusisha jambo hilo na uhaba wa kuvu za mizizi. Bonde la Msimbazi ni dogo mno mbele ya mito hiyo, lakini waliokuwa Mchikichini na Jangwani Desemba 2011 wanajua maji yalifanya nini. Mkulima yeyote wa bondeni, iwe Msimbazi, Ruvu au Rufiji, ambaye shamba lake limezama kwa wiki nyingi, asikimbilie mahindi kwanza. Apande kunde au viazi vitamu kwa msimu mmoja, vizijaze kuvu upya, ndipo arudi kwenye mahindi.

Jembe na trekta

Nyuzi za kuvu hutandaa zaidi katika udongo wa juu, na mtandao uliobaki kutoka zao lililopita huweza kushikana na miche mipya katika siku zake za kwanza kabisa. Trekta la majembe ya sahani likipita, kisha haro mara mbili, mtandao huo hukatwa vipande. Hautoweki wote, maana vipande vya mizizi na vijimbegu huweza kuanza upya, ila mmea mchanga hulazimika kungoja ujengwe. Majaribio ya miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, yaliyofanywa kwa mahindi hasa, yalionesha kwamba pale udongo usipovurugwa mahindi machanga huchukua fosfati zaidi. Watafiti hao hao walisema kweli iliyo nusu ya pili: faida hiyo ya mwanzo haikuwa daima mavuno makubwa zaidi mwishoni. Kwa hiyo anayemwambia mkulima kwamba akiacha kulima tu atajaza ghala, anaahidi kilichozidi kipimo.

Inalofaa mkulima mdogo ni kulima pale tu panapohitajika. Akwetue magugu, afungue mashimo au mistari ya kupandia, na kati ya mistari aache mabua yalale kama matandazo. Kuchoma mabua hakuna sifa yoyote kwa upande huu. Moto hauendi chini sana, lakini hula kivuli na mboji ambavyo vingehifadhi unyevu wa nyuzi hizo.

Mbolea: kiasi, si kukataa

Baadhi ya watu wakisikia habari hizi hutoka wakisema mbolea ya dukani ni sumu. Si kweli, na katibu asiruhusu neno hilo lienezwe katika mkutano. Kuvu hizi haziwezi kuleta naitrojeni ya kutosha mahindi. Bila samadi, urea au CAN, au zao la jamii ya kunde kabla yake, mahindi yatabaki ya njano hata kama mizizi imejaa kuvu. Tena, katika udongo ambao fosfati imekwisha kabisa, kuvu hazina cha kuchukua.

Ila fosfati nyingi kupita haja huuvunja ushirika. Mmea ukiwa na fosfati tele mlangoni hupunguza malipo, na kuvu hupungua ndani ya mizizi. Mfuko wa kilo 50 wa DAP au TSP una kilo 23 za fosfati kwa hesabu ya kiwandani. Mkulima wa nusu eka anayemwaga mfuko mzima kwa sababu tu mfuko umekwisha kufunguliwa, anatumia fedha nyingi, na kwa fedha hizo anafukuza wafanyakazi waliokuwa wakimfanyia kazi kwa bei nafuu. Kiasi kidogo, kilichowekwa ndani ya shimo karibu na mbegu na kufunikwa udongo kidogo, hutosha kuwasha mmea huku kuvu zikiendelea na kazi kwingineko. Fosfati ya Minjingu, ichimbwayo mkoani Manyara katika mabaki ya ndege wa majini wa zamani, huyeyuka polepole hasa kwenye udongo wenye uchachu. Kuvu haziyeyushi jiwe lenyewe, ila hukusanya upesi kile kilichoyeyuka. Kiasi halisi cha kila shamba hujulikana kwa kupima udongo, na chama chenye wanachama wengi eneo moja hupata nafuu kwa kukusanya sampuli pamoja na kuzipeleka maabara, kama ile ya Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro au ya kituo cha Mlingano, Tanga.

Liko jambo moja la mwisho juu ya mzizi wenye njaa ya fosfati, na ni la ajabu. Mzizi huo hutoa udongoni kemikali ya kuita kuvu. Mwaka 2005 watafiti wa Japani walitambua kwamba kemikali hiyo ni ya jamii ile ile ambayo kwa muda mrefu ilijulikana kuamsha mbegu za kiduha, ambacho wengine huita gugu chawi. Yaani mahindi yanapobisha hodi kwa rafiki, mwizi naye husikia. Mizizi iliyokwisha kujaa kuvu hupunguza kutoa mwito huo, na katika majaribio mbegu chache zaidi za kiduha huota karibu nayo. Hiyo haitoshi kumaliza kiduha shambani, na kung'oa kabla hakijatoa mbegu bado ni lazima. Lakini yaeleza kwa nini shamba lililochoka ndilo linaloshambuliwa zaidi.

Chupa na pakiti

Zipo bidhaa zinazouzwa kwa jina la mbolea hai, na baadhi zadai kuwa na kuvu za mizizi. Kuanzia mwaka 2009 watafiti waliokuwa na makao yao Nairobi walipima bidhaa za namna hiyo zaidi ya 100 zilizokuwa katika masoko ya Afrika. Chache tu zilionesha faida ya kuaminika, na zilizofanya vizuri hasa zilikuwa zile za bakteria wa soya na jamii ya kunde. Kwa hiyo halmashauri ikiletewa chupa yenye picha ya hindi nene, iulize kwanza namba ya usajili kutoka Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009. Iulize pia tarehe ya kutengenezwa, na bidhaa ilihifadhiwa wapi, kwa maana kiumbe hai kilichokaa juani Kariakoo miezi sita huenda si hai tena. Kisha ijaribu katika mistari michache kabla ya kununua katoni kwa fedha za wanachama. Kuvu zilizomo tayari shambani, zikilishwa kwa muhogo uliobaki kiangazi kizima au kwa mbaazi iliyopandwa kati ya mahindi ikaendelea kuishi baada ya mavuno, hazina bei.

Kazi ya katibu

Daftari la mikopo ya pembejeo katika vyama vingi huwa na jina, ukubwa wa shamba, aina ya mbolea, idadi ya mifuko na sahihi. Iongezwe safu moja: zao la msimu uliopita. Ijazwe siku ya kutoa mfuko, wakati mwanachama bado ana furaha, wala si siku ya ugomvi. Kwa mwanachama aliyeandika mchicha, kabichi, ardhi tupu au mafuriko, katibu amshauri aanze na kunde, choroko au karanga. Na kama ni lazima apande mahindi, basi mbolea ya fosfati iwekwe kwenye shimo, isimwagwe juu. Lalamiko la majani ya zambarau likija, daftari lifunguliwe kwanza. Ikumbukwe kwamba rangi hiyo huweza pia kuletwa na mizizi iliyoliwa na wadudu, udongo ulioshindiliwa, maji yaliyotuama, au aina ya mbegu yenyewe. Kwa hiyo ng'oa mche mmoja, tazama mizizi, ndipo uandike maoni. Na ikiwa safu ile yaonesha kunde, mizizi ni mizima, na mahindi bado yamedumaa, basi hapo shaka juu ya mfuko ina msingi, na sampuli ipelekwe bila kuchelewa.

Kwa kikundi chenye shule ya sekondari jirani yenye darubini, kuna njia iliyotangazwa mwaka 1998 ya kuzitia rangi kuvu ndani ya mizizi kwa wino wa kalamu na siki. Mizizi huchemshwa kwanza katika dawa kali ya magadi, kwa hiyo ni kazi ya mwalimu wa maabara, wala isifanywe jikoni.

Maswali ya kikundi cha kujifunza

1. Kila mwanachama ataje mazao ya shamba lake kwa misimu minne iliyopita. Katika misimu hiyo, ni miezi mingapi ambayo udongo haukuwa na mzizi hai wa zao linalojiunga na kuvu?

2. Mwanachama mmoja ana robo eka ya mchicha Chanika na anataka kupanda mahindi wakati wa masika. Ana fedha za mfuko mmoja wa DAP au za mbegu za kunde kwa vuli pamoja na nusu mfuko wakati wa masika. Kikundi kifanye hesabu ya gharama zote mbili kwa bei za Kariakoo za wiki hii.

3. Chagueni shamba moja. Vuli ijayo nusu yake ipandwe kunde na nusu mchicha. Masika zote mbili zipandwe mahindi ya mbegu moja, kwa mbolea ya kiasi kimoja. Nani atapima urefu wa miche wiki ya nne, na nani atashika mizani siku ya mavuno?